Chombo Kinaamini Nini?

Mchana wa tarehe 9 Juni 1995, meli ya abiria Royal Majesty iliondoka St. George's, Bermuda, ikielekea Boston. Ndani mlikuwa na watu 1,509. Haikutimia saa moja tangu itoke bandarini, waya wa antena ya jipiesi ukachomoka. Jipiesi yenyewe haikuzimika. Ilipokosa kuzisikia setilaiti, ikaanza kukisia mahali meli ilipo kwa hesabu ya kasi na uelekeo peke yake, hesabu isiyojua upepo unasukuma wapi wala mkondo unavuta wapi. Ikatoa mlio wa sekunde moja. Ikaandika herufi ndogo pembeni mwa kioo, DR, alama ya kwamba sasa inakisia. Kisha ikaendelea kutoa latitudo na longitudo kwa tarakimu zilezile kubwa, kana kwamba hakuna lililotokea. Otopailoti ikazipokea na kuzifuata. Maafisa wa zamu wakazinakili ramanini saa baada ya saa. Zilipopita saa kama 34, usiku wa tarehe 10, meli ikapanda fungu liitwalo Rose and Crown, mashariki ya kisiwa cha Nantucket, maili kama 17 kutoka pale walipoamini wapo.

Hakufa mtu, na ndiyo sababu naitumia ajali hii kufundishia. Nilikuwa afisa wa zamu kwenye meli za mizigo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nawafundisha vijana wa sitaha hapa Mombasa. Nimeona kwamba penye maiti vijana hunyamaza kwa heshima. Pasipo na maiti huuliza.

Nao huanza na makosa ya watu. Husema maafisa wale walikuwa na Loran, chombo cha pili cha kujua mahali, na hawakukilinganisha na cha kwanza. Ni kweli. Husema kengele ya kipimakina ilikuwa imeachwa kwenye sifuri, kwa hiyo isingeweza kumwonya mtu mapema. Ni kweli pia. Husema watazamaji waliona taa zisizotarajiwa na maji yaliyobadilika rangi, wakasema, na afisa hakugeuza usukani. Yote kweli, na kanuni ya tano ya kuzuia migongano baharini, ile ya mwaka 1972 inayotaka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia kwa macho na kusikiliza kwa masikio wakati wote, haikuandikwa bure.

Wakishamaliza huwaomba tuianze upya kesi ile kutoka upande wa mashine. Mashine ilijua. Ndani yake msingi wa kauli ulikuwa umebadilika, kutoka "nimeambiwa" hadi "nadhani". Waliobeba amana ya roho 1,509 hawakuelezwa mabadiliko hayo kwa namna ambayo binadamu mwenye uchovu, gizani, ataielewa. Hapo pana deni. Kwangu mimi deni hilo ni suala la dini kabla halijawa la uhandisi.

Nilisoma fiqhi ya Kishafii utotoni kama watoto wengi wa pwani hii, na mlango ulionikaa moyoni ni wa kibla. Maulamaa wamezipanga daraja. Anayeiona Al-Kaaba kwa macho yake hana la kuuliza. Asiyeiona, akipata habari kutoka kwa mtu mwaminifu anayesema kwa kujua, huichukua habari hiyo. Asiyepata mtu wa kumpa habari, ajitahidi mwenyewe kwa jua, kwa nyota, kwa upepo, na huko ndiko kufanya ijtihadi. Asiyeweza kujitahidi, kama kipofu, amfuate mwaminifu mwenye ujuzi. Hiyo ni taklidi, na kwake haina lawama. Lakini mwenye uwezo wa kujitahidi haruhusiwi kuifuata ijtihadi ya mwenzake. Wawili wakihitilafiana, kila mmoja huswali kwa upande wake, wala mmoja haswali nyuma ya mwingine.

Nilipokuwa mdogo niliuona huo ni ukali usio na sababu. Mjomba wangu alikuwa baharia aliyezijua nyota kwa majina. Kwa nini nisimfuate tu? Maalim hakunikemea. Alinijibu, "Kwa sababu swala ni yako, mwanangu. Atakayeulizwa ni wewe."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mbali na nchi kavu, ndipo nilipoona uzito wa mpangilio ule uko wapi. Uko katika kutenganisha habari na ijtihadi. Mtu akikwambia "nimeiona, ni huku" na mwingine akakwambia "nadhani ni huku", vidole vyao huenda vikaelekea upande mmoja, lakini wajibu wako mbele ya kila mmoja si sawa. Wa kwanza anakuletea alichokiona. Wa pili anakuletea alichokipima, na wewe kama una macho na akili unatakiwa upime na wewe. Imamu Ghazali, katika al-Mustasfa, anaieleza taklidi kuwa ni kuikubali kauli bila hoja. Royal Majesty ilipong'oa nanga, jipiesi yake ilikuwa inatoa habari. Kabla saa moja haijatimia ikawa inatoa ijtihadi, tena ijtihadi dhaifu. Maafisa wale, watu wenye vyeti na uwezo wa kupima, wakafanywa vipofu bila kufumbwa macho. Taklidi hawakuichagua, walitiwa ndani yake.

Nikisema mashine ina deni, naelewa kwamba mashine haina dhima mbele ya Mwenyezi Mungu wala mbele ya kadhi. Deni ni la aliyeiunda, la aliyeiuza na la aliyeiweka darajani. Na deni lenyewe nalitamka hivi: chombo kinachoamua mbele ya mtu atakayeulizwa lazima kimwambie mtu huyo kauli yake ni ya aina gani, na kimwambie mapema kiasi cha kuweza kukataa.

Ule "mapema" ndio uliokosekana Tempe, Arizona, usiku wa tarehe 18 Machi 2018. Gari la majaribio la Uber lilikuwa likijiendesha barabarani kwa mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, na kitini amekaa msimamizi wa kibinadamu ambaye kazi yake ilikuwa kuingilia mambo yakiharibika. Mwanamke wa miaka 49 alikuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waliandika kilichotokea ndani ya mashine, na ningependa kila anayeajiri watu wa kusimamia roboti akisome. Vihisio vilimnasa yule mwanamke sekunde 5.6 kabla ya kugongwa. Programu ikamhesabu kuwa gari. Ikabadili, ikamhesabu kuwa kitu kisichojulikana. Ikabadili tena na tena, mpaka ikafika kwenye baiskeli. Kila ilipobadili jina iliitupa kumbukumbu ya mwendo wake, kwa hiyo haikuweza kuona kwamba anasogea kuja njiani. Haikuwa imeandaliwa kumfikiria mtu anayevuka mahali pasipo kivuko. Ilipotambua hatari zilikuwa zimebaki sekunde 1.2, na hata hapo iliwekewa kungoja sekunde moja kabla ya kutenda, ili isiwe inafunga breki kwa vitu vya kudhania. Mlio wa kumwonya msimamizi ulitoka ikiwa imebaki moja ya tano ya sekunde. Breki za dharura za kiwandani za gari lenyewe zilikuwa zimezimwa wakati kompyuta inaendesha.

Msimamizi alikuwa anaangalia simu. Simtetei kwa hilo; mtu amekufa, na zamu ni zamu. Mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Nisichoweza kukivumilia ni zile sekunde tano. Kwa dereva, sekunde tano ni muda mwingi: anatoa mguu, anakanyaga, anapinda. Sekunde hizo zote mashine ilikuwa katika shaka kubwa, ikibadili rai yake juu ya kiumbe aliye mbele, na shaka ile haikumfikia mtu. Kioo hakikuandika "sijui hiki ni nini". Kiti hakikutetemeka. Mashine ilihangaika peke yake, halafu aliyeulizwa akawa mwanadamu. Madeleine Clare Elish, mtafiti wa Marekani, ameandika juu ya mtindo huu wa kumweka binadamu karibu na mashine ili lawama ikija imfikie yeye kwanza. Naona amesema jambo la haki ambalo mahakama bado hazijalishika vizuri.

Baharini tuna mfano mkongwe wa namna mjuzi anavyopaswa kukaa na mwenye dhamana. Meli inapokaribia mlango wa Kilindini, rubani hupanda kwa ngazi ya kamba. Yeye anajua kuliko nahodha: anaujua mwamba wa Andromache kusini na wa Leven kaskazini, anajua maji yanatoka kwa nguvu kiasi gani saa ile, anajua taa za kuongozea zinavyopangana. Nahodha pengine hajapata kufika Mombasa. Hata hivyo rubani akishapanda, dhamana ya meli haihami. Inabaki kwa nahodha. Basi ili jambo hili liwezekane bila udhalimu, desturi imewekwa: kabla ya kuanza, rubani na nahodha hukaa juu ya ramani. Rubani hueleza nitapita hapa, nitapunguza mwendo hapa, nitageuka taa zikipangana, boti za kuvuta zitatupokea hapa. Njiani huendelea kusema. "Naenda kushoto kidogo, maji yanatoka." Nahodha akiona alichoambiwa hakilingani na anachokiona, anauliza, na akiona hatari ana haki ya kuuchukua usukani. Nimewahi kuona rubani mzuri aliyekuwa mkimya wa tabia, lakini akiwa kazini hanyamazi. Alielewa kwamba kusema ni sehemu ya urubani.

Ninapomsikia mtu akisema haiwezekani kumtaka anayejua zaidi amweleze anayejua kidogo, namkumbuka rubani huyo. Jambo hili linafanyika kila siku kwenye mlango ule.

Lakini kueleza nini? Hapa falsafa yenyewe ni ngumu, nami nimeifikiria kuliko kitu kingine katika kazi yangu ya ualimu. Tukimuuliza mtu kwa nini ametenda, tunauliza nia. Bukhari ameifungua sahihi yake kwa hadithi ya nia, na si kwa bahati: kwetu tendo bila nia halina uso. Roboti haina nia kwa maana hiyo. Haikusudii kheri wala shari. Kwa hiyo mashine ikitungiwa sentensi za kusema "nimeona ni vyema", "nimejali usalama wako", mimi huingiwa na wasiwasi, kwa sababu inazungumza lugha ya nafsi isiyo nayo, na msikilizaji ataanza kuipa imani anayompa mwenye nafsi.

Tunachoweza kuitaka kwa haki ni kingine. Mica Endsley, mhandisi wa Marekani aliyewahi kuwa mwanasayansi mkuu wa jeshi la anga la nchi hiyo, aliandika mwaka 1995 juu ya ngazi tatu za mtu kuijua hali iliyomzunguka: kukiona kilichopo, kuelewa maana yake, kukadiria kitakachofuata. Wengi wamejenga juu ya kazi hiyo katika kutafuta namna roboti zitakavyojieleza. Mimi nilifundishwa jambo la karibu na hilo na nahodha mmoja Mgoa ambaye sidhani kama alipata kusoma makala yoyote ya kitaalamu. Wakati wa kupokezana zamu hakuuliza tupo wapi. Aliuliza, "Chombo kinaamini nini?" Kisha, "Kwa dalili gani?" Na tukishajibu, "Kisipokuwa sawa, utakijuaje?" Tulilazimika kuandika kando ya kila alama ya ramani imetoka wapi: setilaiti, rada, mnara tuliouona kwa macho, au makisio. Alama ya makisio tuliizungushia umbo lingine ili jicho lisidanganyike hata kwa kupitia haraka.

Lile swali la tatu ndilo wanaounda roboti wanalisahau zaidi. Wanaweza kuonyesha roboti imeona nini na itatenda nini, lakini kuonyesha pale ambapo huenda imekosea huona kama kujishushia bidhaa. Fiqhi ina kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kanuni hiyo ina sharti lisilotajwa: mtu awe anajua yakini yake ni ipi na shaka yake ni ipi. Mashine inayovitoa vyote viwili kwa sauti moja inamnyang'anya msimamizi uwezo wa kuitumia kanuni hiyo.

Wapo wacha Mungu, nao nawaheshimu, wanaonipinga kwa kisa cha Musa na Khidhri, alayhima salaam, kilichomo katika Suratul Kahf. Wanasema: tazama, Musa alifuatana na mtu aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye, akawekewa sharti asiulize mpaka aelezwe, na kila alipouliza ndipo alipokosea. Khidhri alikitoboa chombo cha maskini wenye kufanya kazi baharini, na Musa akakasirika. Baadaye ikabainika kwamba kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima. Kwa hiyo, wanasema, mwenye elimu ndogo asubiri.

Kisa hiki nakisoma kama baharia, na jambo la chombo kutobolewa halinipiti hivihivi. Najibu mambo mawili. La kwanza, elimu ya Khidhri ilitoka kwa Mwenyezi Mungu, na mwishoni alisema hakuyatenda kwa amri yake mwenyewe. Elimu ya roboti imetoka kwenye data iliyokusanywa na watu, ikapangwa na watu walioweka wenyewe sekunde moja ya kungoja. Kumpa huyu daraja ya yule ni hatari kwa itikadi kabla haijawa hatari kwa barabara. La pili ni lile ambalo wasomaji hulipita: Musa hakuwa nahodha wa chombo kile. Hakuna ambaye angemdai yeye kwa lile tundu. Alikuwa mwanafunzi safarini, na subira ni adabu ya mwanafunzi. Msimamizi wa roboti si mwanafunzi wake. Ndiye ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Na hata hivyo, hata katika kisa kile, maelezo yalikuja: Khidhri hakuagana na Musa mpaka ameyafafanua matendo yote matatu, moja baada ya jingine. Mwenye elimu ya kupewa na Mola hakujiona mkubwa mno hata asieleze.

Kuna upande mwingine wa hatari ambao sitaki kuufunika, maana wanaodai maelezo, nami nikiwamo, huweza kudhani maelezo yoyote ni kheri. Mwaka 2016 watafiti wa Georgia Tech walichapisha jaribio ambalo huwasomea wanafunzi polepole. Walimwita mtu mmoja mmoja, roboti ikamwongoza hadi chumbani. Kwa nusu yao roboti ile ilipotea njia waziwazi, ikazunguka chumba kisichohusika. Baadaye ukapulizwa moshi wa bandia, king'ora kikalia, na roboti ileile ikatokea ikionyesha njia ya kutokea. Washiriki wote 26 waliifuata, pamoja na wale walioiona ikikosea dakika chache nyuma, ingawa mlango walioingilia ulikuwa unajulikana. Roboti ile haikuwapa hoja. Iliwasha taa na kunyoosha mikono, ikatosha.

Binadamu mwenye hofu hutafuta wa kumfuata. Hilo ni umbile letu, na muuzaji wa mashine anaweza kulitumia. Maelezo yaliyopambwa vizuri yanaweza kufanya kazi ya taa zile: kumtuliza msimamizi badala ya kumwamsha. Lisanne Bainbridge, mwanasaikolojia Mwingereza, alikwisha kuonyesha mwaka 1983 kwamba kadiri mashine inavyofanya kazi vizuri, ndivyo msimamizi anavyopoteza mazoezi ya kile atakachotakiwa kukifanya siku itakapokwama. Ukiongeza juu ya hapo sauti laini inayomwambia kila baada ya dakika kumi kwamba mambo ni shwari, umempa usingizi wa pili. Kwa hiyo sipimi maelezo kwa kuuliza kama msimamizi ameridhika. Napima kwa kuuliza kama yamemsaidia kukataa pale palipofaa kukataa na kukubali pale palipofaa kukubali. Maelezo yanayozalisha ridhaa tu ni mahubiri bila dalili, na hayo sisi Waislamu tuna maneno makali juu yake.

Maneno haya hayabaki tena kwa wanafalsafa. Nchini Norway meli ya umeme ya makontena, Yara Birkeland, ilianza kazi mwaka 2022, na makusudio ni iende ikipunguziwa watu mpaka ijiendeshe. Mwaka huohuo Mayflower, chombo kisicho na baharia hata mmoja, ilivuka Atlantiki na kufika Halifax, baada ya kuharibikiwa mitambo njiani na kulazimika kutengenezwa. Shirika la Kimataifa la Bahari lilikwisha kupanga tangu 2018 ngazi nne za meli hizi, kuanzia ile ambayo mashine inamsaidia tu afisa aliyemo ndani, hadi ile inayojiamulia kila kitu. Vijana ninaowafundisha leo, baadhi yao hawatasimama darajani kabisa. Watakaa kwenye kiti ufukweni, mbele ya vioo, na kuna uwezekano mkubwa mtu mmoja apewe meli kadhaa. Hatausikia mtetemo wa mashine miguuni. Hataunusa moshi. Hataona maji yakibadilika rangi kandokando ya fungu. Kila anachokijua juu ya bahari ile kitakuwa kimepita kwanza mikononi mwa chombo kinachoamua. Mtu huyo amekatiwa njia ya habari ya macho. Amebakiwa na ijtihadi ya mwingine. Ikiwa hata ijtihadi hiyo ataletewa bila dalili zake, sioni kwa haki gani tutamwita nahodha siku ya baraza la uchunguzi.

Msichana mmoja katika darasa langu, hodari wa hesabu, alinibana. "Mwalimu, nakuheshimu, lakini kama mashine inajua kunizidi, kuelewa kwangu kunaongeza nini? Si bora niondoke nisiiharibie?"

Sikumjibu kwa haraka. Nilimkumbusha aya ya amana iliyomo katika Suratul Ahzab: amana ilionyeshwa mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuibeba, akaibeba mwanadamu. Milima inamshinda binadamu kwa nguvu. Mbingu zinamshinda kwa upana. Amana haikugawanywa kwa kipimo cha uwezo. Kwa hiyo kompyuta kunishinda kwa hesabu hakuniondolei mzigo, wala hakuiwezeshi kuubeba, maana haiwezi kujuta, haiwezi kulipa fidia, haiwezi kusimama mbele ya mama wa aliyekufa. Mzigo ukiwa umebaki kwangu, basi kuelewa ni haki yangu hata kama sitazidisha usahihi wa uamuzi. Nami naamini mara nyingi nitazidisha, kwa sababu mashine hukosea mahali tofauti na pale ninapokosea mimi.

Hakutosheka. "Na nikielewa lakini sina muda wa kukataa?"

Hapo ndipo penye uchungu, kwa kuwa yule aliyekuwa Tempe hata kama angekuwa ametazama barabara, mashine ilimpa moja ya tano ya sekunde. Nikamwambia ukweli wangu: kazi ya namna hiyo isikubaliwe. Kuna nafasi ambazo mtu huwekwa ili abebe lawama tu, na kuitia sahihi nafasi hiyo ni kujidhulumu na kuwadhulumu watakaopita mbele ya chombo chake. Mkataba wa mafunzo na zamu za mabaharia, ule wa 1978, unamtaka afisa anayepokea zamu ajiridhishe mwenyewe juu ya mahali chombo kilipo, uelekeo wake, mwendo wake na hatari zilizo mbele, na anayekabidhi asikabidhi akiona mwenzake hayuko katika hali ya kuweza. Afisa asiyeridhika hasemi "nimeipokea". Amekuwa na haki hiyo mbele ya nahodha, mbele ya mwenye meli, hata mbele ya rafiki yake aliyechoka anayetaka kwenda kulala. Sijaona andiko wala hoja inayoiondoa haki hiyo kwa sababu tu anayekabidhi zamu ni mashine.